Kandambili za Kushoto

"Kwa niaba ya Sayansi, na kwa ridhaa ya Ustadhi Fikri, msimamizi wa bweni, wakazi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumamosi hii hakuna kandambili itakayoishi wala kufa katika shule hii bila kuandikwa."

Abanub Wadii aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama juu ya kiti katikati ya bwalo, karatasi ameinyoosha mbele ya uso kama hakimu anayetoa hukumu. Wavulana waliacha kutafuna. Wapishi wakachungulia kwenye dirisha la jiko, miko mikononi. Ulikuwa wakati mtukufu katika historia ya elimu kusini mwa Misri, na ungebaki mtukufu lau Abanub, kijana aliyelelewa vizuri, asingevua kandambili zake kabla ya kupanda juu ya kiti. Alipomaliza akashuka. Mguu wa kulia ukapata yake. Wa kushoto ukapapasa sakafu, ukapapasa tena, kisha ukatua juu ya vigae vya baridi.

Bwalo zima likaangua kicheko. Adham Shazli, aliyekuwa meza ya jirani, alicheka kwa kiasi, si sana wala si kidogo, kama inavyompasa mtu aliyekalia kandambili ya rafiki yake.

Adham na Abanub walilala chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Kitanda cha Adham kilikuwa chini na cha Abanub juu, kwa sababu Abanub alikuwa mwepisi na Adham alikuwa mvivu. Walimu walimjua Adham kuwa ana akili na hana haya. Walimshuku kwa kila kilichopinda, kilichopotea na kilichonuka, ila hakuna aliyewahi kumpata na ushahidi. Siri yake ilikuwa nidhamu. Mtu anayechukua kandambili mbili ni mwizi, na mwizi hutafutwa. Mtu anayechukua moja tu hana jina, maana nani atakayemtafuta mtu asiye na faida yoyote? Basi yeye alichukua moja, na daima ya kushoto, ili kazi yake iwe na mtindo. Aliziokota saa ya mapumziko ya mchana, wakati vyumba vimelala na viatu vimetulia milangoni, akazipeleka juu ya paa na kuzitia kwenye gunia nyuma ya matangi ya maji. Mwaka uliopita alikuwa akizirudisha baada ya siku chache mahali pa heshima: kileleni mwa mlingoti wa bendera, au kichwani mwa sanamu ya plasta ya mtaalamu fulani wa kale aliyesimama mbele ya maktaba na ambaye jina lake lilikwisha kufutika.

Abanub hakujua. Abanub alidhani kandambili hupotea tu, kama vile nywele zinavyopungua kichwani, kwa sheria fulani ya ulimwengu ambayo bado haijaandikwa. Ndiyo maana alipotakiwa kuchagua mada ya utafiti wa mwaka, alichagua hiyo, akamwomba Adham wafanye pamoja.

Adham angeweza kukataa. Aliona raha kukubali. Fikiria mwenyewe: kuwa muuaji, na wakati huohuo kuwa karani wa vifo.

Ila kwa Abanub jambo hilo halikuwa mzaha hata kidogo. Mwaka uliopita alitengeneza chujio la maji kwa mkaa wa kokwa za tende. Majaji wakaja kutoka mkoani, wakatazama jedwali lake, wakatazamana wao kwa wao, na mmoja akasema mbele ya watu kwamba namba hizi zimepikwa. Hazikuwa zimepikwa. Kipimo cha maabara kilikuwa kibovu. Lakini lilipogundulika hilo majaji walikwisha ondoka, na tangu siku hiyo Abanub hakupita kwenye ukumbi wa bweni asiulizwe: "Mpishi, leo kuna nini?" Yeye alitabasamu tu. Usiku alijigeuza kitandani mpaka vyuma vikalia, na Adham, aliyekuwa chini yake, ndiye pekee aliyejua. Mradi mmoja tu ndio ungepelekwa kwenye maonyesho ya Kairo majira ya kuchipua. Abanub aliutaka uwe wake, na alitaka zaidi ya hapo: mtu aitazame kazi yake na kuiamini. Akitiliwa shaka mara ya pili, asingekuwa mtafiti tena mahali popote, angebaki Mpishi.

Aliyewapa njia ya kufanya kazi hiyo alikuwa Abla Inas, mwalimu wa hesabu, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo darasa zima lililazimika kunyamaza ili kuisikia. Aliwaambia kwamba kuhesabu waliokufa ni kazi ya mchimba kaburi. Mtafiti huuliza kila mmoja aliishi muda gani kabla hajafa, na nini kilimharakisha. Madaktari huwafuata wagonjwa wao hivyo. Kila kandambili iingie kwenye utafiti na sifa zake zote: ya kushoto au ya kulia, ya mpira au ya sponji, rangi, ukubwa, ghorofa ya mwenyewe. Modeli itazipima sifa zote kwa pamoja, na kwa kila moja itasema inaongeza mara ngapi hatari ya kufa leo kwa kandambili iliyofika leo ikiwa hai. Modeli hiyo aliiita ya Cox. Adham akauliza kama huyo Cox naye aliwahi kuibiwa viatu. Abla Inas akajibu kwamba hilo halikuandikwa, akaendelea na ubao.

Basi wakaandika namba kwa kalamu isiyofutika chini ya kila kandambili. Wakakubaliana kwamba kandambili ikikatika mkanda, imekufa, na isipoonekana wiki nzima, imekufa pia. Hapo Adham akalazimika kuacha desturi ya kuzirudisha, maana sayansi haina nafasi ya waliofufuka. Gunia likaanza kunenepa.

Wavulana walipoingia kusali kwenye msikiti mdogo wa bweni, Abanub, ambaye ni Mkristo, alibaki nje kwenye ngazi na ubao wake wa kuandikia, peke yake kati ya kandambili zote za shule. Alizitazama zikivuliwa, alizitazama zikivaliwa. Ustadhi Fikri alipenda sana kumwona pale. Alisema kwamba tangu awe msimamizi hajawahi kusali na moyo uliotulia namna hiyo.

Mwishoni mwa Novemba waliiendesha modeli kwa mara ya kwanza. Rangi haikuwa na neno. Ghorofa haikuwa na neno. Sponji ilikufa haraka kidogo kuliko mpira, jambo ambalo hata mama zao walilijua. Lakini mstari wa "kushoto" ulikuwa na namba iliyozidi tatu: kandambili ya kushoto ilikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara tatu kuliko mwenzake wa kulia. Adham alijiuma mdomo kwa ndani asicheke. Wakati wa chakula Abanub alikula ful yake, maharage ya kuchemsha, bila kuitia chumvi, akampa Adham jibini lake kama alivyofanya kila siku tangu mfungo wa Krismasi ulipoanza, akapanda kitandani. Taa zilipokaribia kuzimwa akainamisha kichwa ukingoni, nywele zikining'inia.

"Mguu wa kushoto unavuliwa kwanza," akasema, "na unavalishwa mwisho. Nimewatazama siku zote hizi. Nyinyi wote mnaanza na kulia kuvaa, na kuvua mnaanza na kushoto. Mlango wa msikiti, mlango wa bafu, mlango wa chumba. Ya kushoto ndiyo inayokaa peke yake muda mrefu zaidi, Adham. Haiibiwi. Inaachwa."

Adham aligeukia ukuta na kuuma mto. Alicheka mpaka tumbo likamuuma. Kisha kicheko kikaisha, na akabaki macho wazi akiutazama ukuta, kwa sababu maneno yale yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri kiasi kwamba kwa dakika chache yeye mwenyewe, mwenye gunia, aliyaamini.

Kesho yake Abanub alimweleza Abla Inas, aliyesema kwamba ni nadharia nzuri na kwamba nadharia nzuri ndizo za kuogopwa. Akamweleza Ustadhi Fikri, ambaye hakuogopa kitu. Ustadhi alifurahi mpaka akashika mkono wa Abanub kwa mikono miwili. Baada ya sala ya alasiri akatoa mawaidha marefu kuhusu adabu ya kuvaa na kuvua, na jinsi mtoto wa Wadii, jirani yetu mwema, alivyotufunulia kwa hesabu yale tuliyokuwa tukiyatenda bila kuyafikiri. Akausia kila mtu aitunze kandambili yake ya kushoto. Siku mbili baadaye wavulana walionekana wakienda kusali wakiwa na mifuko ya plastiki, na katika kila mfuko kandambili moja.

Jina la Mpishi likafa kifo cha kawaida. Sasa Abanub akipita ukumbini waliita: "Daktari, karibu chai." Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyepoteza ya kushoto mara mbili, alimwomba ushauri wa faragha. Hata Hilmi, mdomo mchafu kuliko wote bwenini, yule aliyekuwa wa kwanza kumwita Mpishi, alimsogezea kiti bwaloni na kusema, "Kaa, Daktari. Mimi nilisema siku zote una kichwa."

"Ulisema nina kichwa kama tikiti," Abanub akamkumbusha.

"Na tikiti ni tunda la heshima."

Hapo ndipo Adham alipotaka kuacha. Alikuwa mtu wa utani, hakuwa mtu mbaya. Alihesabu mambo kichwani, akaona amejifungia mlango kwa nje. Akiacha kuchukua, kandambili za kushoto zitaacha kufa, mstari utanyooka, na namba ile tukufu itaanza kushuka wiki baada ya wiki mbele ya macho ya watu. Majaji watatazamana. Hilmi atatazama jedwali na kuuliza leo kumepikwa nini. Akisema ukweli, ni vilevile, na juu yake atakuwa amempoteza rafiki. Njia iliyobaki ilikuwa moja, kuendelea.

Utani ukageuka ajira. Hapo zamani aliziokota kwa furaha, sasa aliziokota kama mtu aliyepangiwa zamu. Kazi yenyewe ilikwisha kuwa ngumu, maana kila mtu alilinda ya kushoto kama mboni ya jicho. Ilimbidi kusubiri nje ya mabafu akijifanya kutafuta sabuni. Ilimbidi kupanda paani siku za upepo wa jangwa, mchanga ukimwingia masikioni, akibeba kandambili moja yenye unyevu chini ya sweta. Hakupata hata mtu wa kumlalamikia.

Katikati ya Desemba mafindofindo yakamvimba, akapelekwa kwao Mallawi kukatwa. Alikaa nyumbani wiki mbili hivi, akila aiskrimu kwa amri ya daktari na kusikiliza habari za ukoo mzima bila uwezo wa kujibu. Mama yake alisema hajawahi kuwa na mtoto mzuri namna hiyo. Adham alilala akitazama dari, akawaza kandambili zote za kushoto zikitembea shuleni salama salimini, hakuna wa kuzigusa. Alitaka kumpigia simu Abanub amwambie jambo. Koo lilimpa udhuru.

Aliporudi alikuta baridi kali, akarudi kwenye zamu yake. Wiki tatu baadaye Abla Inas akautazama mchoro.

Ilikuwa siku moja kabla ya kuwasilisha miradi, baada ya chakula cha mchana, katika chumba cha kompyuta. Abla Inas alikuwa amelivaa koti lake ndani. Akaweka kidole kwenye skrini. Mistari miwili ilianza pamoja juu kushoto, siku ile ya Jumamosi kandambili zote zilipokuwa hai. Ule wa kulia ulishuka polepole, kama mzee anayeshuka ngazi. Ule wa kushoto ulishuka kwa kishindo, kisha ghafla, katika Desemba, ukatulia na kwenda sambamba na mwenzake, kisha ukakumbuka tabia yake na kuporomoka tena. Akauliza kile kipande kilichotulia ni nini.

Abanub alikuwa na jibu tayari. Akasema ni baridi: watu walianza kuvaa soksi, wakatoka vyumbani mara chache. Abla Inas akasema kwa upole kwamba baridi haina ubaguzi wa miguu. Isitoshe, baridi bado ipo, na mstari umeporomoka tena. Akawaagiza waingize kwenye modeli kila kitu kilichobadilika katika wiki zile, kimoja kimoja, wakizidishe na kushoto, waone. Kama nadharia ni ya kweli, haitaogopa kuulizwa. Kesho saa sita atatia saini au hatatia. Kisha akaenda kusimamia mtihani wa darasa jingine, akauacha mlango wazi.

Adham ndiye aliyekuwa kwenye kibodi, maana Abanub aliandika kwa vidole viwili. Abanub alivuta kiti na kutaja, Adham akaandika. Wiki za mitihani midogo. Hakuna kitu. Siku ambazo maji ya moto yalikatika. Hakuna. Siku za mechi. Hakuna. Siku ambazo Ustadhi Fikri alikuwa safarini. Hakuna, ingawa hapo Adham alibana pumzi, akitumaini dhambi ipate mwenyewe. Kila mara namba ya kushoto ilirudi palepale, zaidi ya tatu, na kila mara Abanub alitikisa kichwa na kupiga mstari kwenye karatasi yake. Nje, mtu alikuwa akifagia mchanga uani. Jua la baridi lilikuwa limefika kwenye meza.

"Tumemaliza," Adham akasema. "Nadharia imesimama. Tukanywe chai."

"Bado kimoja."

"Kipi?"

Abanub hakumtazama. Alikuwa akiikunja karatasi yake, akiikunjua, akiikunja.

"Wewe," akasema. "Andika wiki ulizokuwepo moja, na ulizokuwa Mallawi sifuri. Zidisha na kushoto."

Adham aliweka vidole kwenye kibodi. Angeweza kuandika tarehe za uongo. Siku tatu huku, siku nne kule, mstari ungevurugika na mambo yangeisha. Abanub alikuwa akitazama dirishani. Ilikuwa kana kwamba alikuwa akitazama dirishani kwa makusudi.

Akaandika tarehe za kweli. Akabonyeza.

Kompyuta ya shule ilikuwa kuukuu na ilifikiri kwa sauti, ikavuma kama feni. Kisha namba zikatokea. Mstari wa "kushoto", ule uliokuwa umepanda kwenye kiti cha heshima tangu Novemba, ulikuwa umeshuka mpaka moja. Moja maana yake hakuna tofauti. Kandambili ya kushoto ilikuwa sawa na ya kulia, iachwe mlangoni mchana kutwa au isiachwe. Chini yake kulikuwa na mstari mpya, "kushoto wakati ADHAM yupo", na namba yake ilikuwa karibu na nne.

Walizitazama namba hizo wote wawili. Adham ndiye aliyezungumza kwanza, na alizungumza kama wakili.

"Tazama upana wa makadirio," akasema. "Inaanzia moja na kitu mpaka kumi na kitu. Wiki mbili ni chache. Katika wiki mbili zilikufa kandambili ngapi, mbili? Abla Inas mwenyewe angekwambia ni bahati tu. Hakuna jaji anayeweza kumfunga mtu kwa hilo."

"Ni kweli," Abanub akasema. "Haitoshi."

"Basi."

"Haitoshi kabisa. Ndiyo maana nakuuliza."

Adham alikuwa na majibu mengi. Alikuwa nayo tangu mwaka wa kwanza, yamepangwa kama nguo zilizopigwa pasi. Angeweza kukasirika, na alijua kukasirika vizuri. Angeweza kuapa, jambo ambalo alikuwa akiliepuka hata katika siku zake mbaya. Angeweza kutaja jina la Hilmi. Alimtazama Abanub, ambaye uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri mashine imalize kuvuma.

"Ni mimi," akasema.

Abanub akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeletewa chai aliyoagiza.

"Zote?"

"Karibu zote. Ya Hilmi ilikatika mkanda kweli. Na ile ya buluu iliyoonekana imetafunwa uani, ni mbwa. Wallahi ni mbwa."

"Kwa hiyo ulijua kwamba nadharia ni ya uongo tangu lini?"

"Tangu kabla hujaitunga."

Abanub akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya sweta. Aliifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ukaniacha nimweleze Ustadhi Fikri. Ukaniacha nikae na Hilmi nikiitwa Daktari. Kule juu nilikuwa nalala, Adham. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nilikuwa nalala."

"Najua. Nilikuwa nasikia kitanda kimya." Adham alitaka kuongeza mzaha hapo, mzaha ulikuwa umefika mpaka mlangoni mwa meno, akaumeza. "Nilitaka kuacha. Kila nikitaka kuacha naona mstari unanyooka na watu wanakucheka. Mwanzoni nilichukua kwa ajili ya kucheka. Baadaye nilichukua kwa ajili yako. Nilikuwa nakupikia, ili usionekane mpishi."

"Hakuna aliyekuomba."

"Hakuna."

"Na ningefika nayo Kairo. Ningesimama mbele ya watu nikisema mguu wa kushoto unavuliwa kwanza, na wewe uko pembeni unashika bango."

"Ningelishika vizuri," Adham akasema. "Ilikuwa nzuri mno. Nilitaka iwe kweli. Kuna siku nilisimama mlangoni pa bafu nikawatazama wanavyovua, nikaona ni kama ulivyosema, kushoto kwanza, kila mmoja. Nikajisemea labda hata nisipochukua zitapotea zenyewe. Nikaziacha siku mbili nione."

"Zikapotea?"

"Hapana."

Abanub alicheka pumzi moja tu, puani, kicheko ambacho si msamaha wala si vita. Akavaa miwani. Kisha akasimama, akamgusa Adham begani ili apishe, akakaa yeye mbele ya kibodi na vidole vyake viwili.

Akaeleza bila kugeuka. Kandambili iliyochukuliwa na mtafiti haijafa. Imetoka kwenye utafiti ikiwa hai, siku ile ilipochukuliwa, na baada ya hapo hakuna anayejua ingeishi mpaka lini. Modeli ina nafasi ya watu wa namna hiyo, ndio wengi hata hospitalini: mgonjwa amehama mji, hajulikani alipo, huwezi kumzika kwa kuwa hajapiga simu. Tarehe ya kila moja ikijulikana, kazi haijaharibika. Itakuwa kazi ndogo tu. Itasema kwamba sponji hufa mapema kuliko mpira na kwamba kushoto ni sawa na kulia.

"Na Kairo?" Adham akauliza.

"Kwa hilo la sponji? Hawatatuita hata tukawape maji."

"Na tutaandika nini kuhusu hizi nyingine?"

"Kwamba mmoja wa watafiti alikuwa akiziiba."

"Si lazima kutaja jina."

"Umeshalitaja mwenyewe," Abanub akasema, akionyesha skrini. "Limo kwenye jedwali. Umeliandika kwa herufi kubwa."

Adham akalitazama. Ni kweli alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa, kwa mazoea ya mtu anayelipenda jina lake. Mlango ulikuwa bado wazi. Nyayo zilikuwa zikipita ukumbini, wavulana wakirudi kutoka darasani, na kati ya nyayo hizo kulikuwa na za polepole zenye mburuzo, za mguu mmoja kwenye kandambili na mwingine kwenye kiatu cha ngozi, kwa sababu kuna watu wazima wasiokubali hadharani kwamba wamepoteza chochote.

"Haya," Abanub akasema. "Moja moja. Ya nani, na siku gani. Usiniruke hata moja, nitajua."

Adham akaanza. Ya kijana wa mwaka wa kwanza, ile ya kijani, siku ya kwanza ya upepo wa mchanga. Ya pili ya huyohuyo, wiki iliyofuata, jambo ambalo sasa alipolisema kwa sauti lilionekana kuwa ukatili. Ya Hilmi, si ile iliyokatika, nyingine, mchana wa mechi. Vidole viwili vya Abanub viligonga taratibu, na kila vilipomaliza alisema "endelea", bila kuinua macho. Adham akaendelea. Akafika ya kahawia, ya ngozi ya bandia, aliyoichukua mlangoni mwa ofisi ya bweni wakati mwenyewe yumo ndani akitoa mawaidha mengine kuhusu kutunza kandambili, na hapo akashusha sauti mpaka ikawa mnong'ono.

"Sijasikia," Abanub akasema.

Nyayo zile za mburuzo zilikuwa zimesimama nje ya mlango.

"Ya Ustadhi Fikri," Adham akarudia, safari hii kwa sauti ya kusikika, akasimama na kugeuka. "Ni mimi niliyeichukua, Ustadhi. Ipo paani. Zipo zote."